Matairi Mapya ya Gari la Haibridi: Msuguano Upi Upungue, Upi Ubaki?

Mada zinazohusika: kani na msuguano, kazi na nishati, kanieneo, sheria za gesi.

Ukimaliza sehemu hii uweze:
(a) kutofautisha ukinzani wa kuviringika na mshiko wa tairi barabarani;
(b) kukokotoa nishati na petroli inayopotea kwenye matairi;
(c) kukokotoa umbali wa kusimama gari linapofunga breki;
(d) kusoma namba na lebo za tairi, kisha kutoa uamuzi wenye sababu.

Mtihani wa Fizikia utaujibu kwa Kiingereza, lakini jambo usilolielewa kwa lugha yako hutalieleza vizuri kwa lugha nyingine. Soma sehemu hii ukiwa na kalamu. Kila ukikutana na istilahi ya Kiswahili, andika pembeni istilahi uliyofundishwa darasani. Ukikwama, ujue mada hiyo bado hujaishika.

Swali la mjomba

Chukulia mjomba wako anaendesha teksi aina ya Toyota Aqua, gari la haibridi la lita 1.5 lililotumika Japani na kuingia kupitia bandari ya Dar es Salaam. Matairi yamekwisha. Amezunguka madukani na kurudi na karatasi yenye bei tatu, zote kwa tairi moja la kipimo sahihi:

Tairi P: shilingi 150,000.
Tairi Q: shilingi 190,000. Muuzaji anasema linabana mafuta.
Tairi R: shilingi 170,000. Muuzaji anasema linabana mafuta kuliko hata Q.

Anakuuliza: "Mpwa wangu, wewe ndiye unayesoma sayansi. Ninunue lipi?"

Mwanafunzi mwenye haraka atajibu: "Chukua R, bei yake nafuu kuliko Q na linakula mafuta kidogo." Jibu hilo linaweza kumgharimu mjomba gari, au uhai wa mtu. Twende hatua kwa hatua uone kwa nini.

Hatua ya 1: Nishati ya petroli inakwenda wapi?

Gari likitembea barabara tambarare kwa mwendokasi usiobadilika, injini inafanya kazi dhidi ya vitu viwili vikubwa: upepo unaolikinga gari kwa mbele, na ukinzani wa matairi yanapoviringika. Mjini kinaongezeka cha tatu: kila gari linaposimama kwenye taa au kituo cha daladala, nishati mwendo yake yote hugeuka joto kwenye breki.

Hapo ndipo haibridi inapotofautiana na gari la kawaida. Dereva akikanyaga breki taratibu, mota ya umeme hugeuka jenereta. Magurudumu yanaizungusha, inazalisha umeme, na umeme unahifadhiwa kwenye betri. Sehemu ya nishati mwendo inaokolewa na kutumika gari linapoondoka tena.

Lakini nishati inayopotea ndani ya tairi hairudi. Hakuna mota inayoweza kuichukua, kwa sababu imekwisha kuwa joto ndani ya mpira na kutoka hewani. Linganisha kwa namba. Gari likiwa na watu ndani lina tungamo la kg 1,300, na linakwenda mita 15 kwa sekunde, yaani kilometa 54 kwa saa:

Nishati mwendo = ½ × 1,300 × 15 × 15 = jouli 146,250.

Hiyo ndiyo inayotoweka kila linaposimama, nayo haibridi huokoa sehemu yake. Sasa chukulia matairi yanalikinza gari kwa kani ya nyutoni 130. Katika kilometa moja:

Kazi = kani × umbali = 130 × 1,000 = jouli 130,000.

Umeona? Kila kilometa moja matairi hula nishati inayokaribia ile ya kusimamisha gari zima kutoka kilometa 54 kwa saa. Kwa hiyo haibridi ikishaokoa nishati ya breki, tairi hubaki na fungu kubwa zaidi katika upotevu uliobaki. Ndiyo maana watengenezaji wa haibridi hujali sana aina ya tairi wanayofunga kiwandani, na ndiyo maana ukibadilisha ovyo utaona tofauti kwenye petroli.

Angalizo: fungu la tairi kuwa kubwa kwa asilimia hakumaanishi kwamba shilingi zinazookolewa ni nyingi kuliko kwenye gari la kawaida la uzito huo huo. Asilimia imekuwa kubwa kwa sababu jumla ya matumizi imekuwa ndogo. Usichanganye asilimia na kiasi.

Hatua ya 2: Ukinzani wa kuviringika unatoka wapi?

Watahiniwa wengi huandika: "Tairi linakinza kwa sababu linasuguana na barabara." Si kweli kwa sehemu kubwa. Tairi linaloviringika vizuri haliteleza barabarani. Sehemu iliyogusa lami, kwa wakati ule mfupi, imetulia.

Tazama tairi likiwa chini ya gari. Pale chini limebonyea kidogo, limekuwa bapa. Likizunguka, kila kipande cha mpira kinapofika chini kinabonyezwa, kikipanda juu kinanyooka. Mpira si springi kamili: nishati uliyotumia kuubonyeza hairudi yote unaponyooka. Inayobaki hugeuka joto. Gusa tairi la basi lililotoka safari ndefu; lina joto hata upande wa ubavuni usiogusa lami kamwe. Joto hilo limelipiwa kwa mafuta.

Ukinzani huu huelezwa kwa kanuni rahisi:

Kani ya ukinzani = namba ya ukinzani × uzito wa gari.

Namba ya ukinzani haina kipimo. Kwa matairi ya magari madogo huwa karibu na 0.006 mpaka 0.012. Kadiri namba ilivyo ndogo, ndivyo tairi linavyoviringika kwa wepesi.

Mfano wa 1

Tungamo la gari ni kg 1,300. Tairi P lina namba ya ukinzani 0.010, tairi Q lina 0.008. Lita moja ya petroli ina nishati ya megajouli 32 hivi, na chukulia ufanisi wa injini ni asilimia 35. Ukitumia g = 10 N/kg, tafuta petroli inayookolewa kwa kilometa 100 mjomba akichagua Q badala ya P.

Suluhisho:
Uzito = 1,300 × 10 = 13,000 N
Kani ya P = 0.010 × 13,000 = 130 N
Kani ya Q = 0.008 × 13,000 = 104 N
Tofauti = 26 N
Kazi inayookolewa kwa km 100 = 26 × 100,000 = 2,600,000 J = 2.6 MJ
Nishati yenye manufaa kutoka lita 1 = 32 × 0.35 = 11.2 MJ
Petroli inayookolewa = 2.6 ÷ 11.2 = lita 0.23

Ikiwa gari hula lita 5 kwa kilometa 100, akiba ni kati ya asilimia 4 na 5. Si muujiza. Muuzaji akikuambia tairi litapunguza mafuta kwa nusu, mwulize nusu hiyo inatoka wapi, maana hata tairi lisilo na ukinzani kabisa lingeokoa megajouli 13 tu kwa kilometa 100, yaani lita 1.16.

Lakini kidogo kidogo hujaza kibaba. Mjomba hutembea kilometa 40,000 kwa mwaka, na tuseme huo ndio umri wa matairi yake. Akiba = 0.23 × 400 = lita 92. Petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, ni shilingi 276,000. Matairi manne ya Q yanazidi yale ya P kwa shilingi 160,000. Faida halisi ni shilingi 116,000. Q limeshinda P.

Na R je? Namba yake ya ukinzani ni 0.0075. Kani = 97.5 N, pungufu ya Q kwa 6.5 N. Ukifuata njia ile ile utapata akiba nyingine ya lita 0.058 kwa kilometa 100, yaani lita 23 hivi kwa kilometa 40,000, takriban shilingi 70,000. Ongeza tofauti ya bei, shilingi 80,000 kwa matairi manne. Kwa hesabu ya mafuta na bei peke yake, R linamshinda Q kwa shilingi 150,000.

Ukiishia hapa, umejibu nusu ya swali.

Hatua ya 3: Mshiko ni kitu kingine

Gari husimama kwa sababu barabara inalishika tairi. Hapa msuguano kati ya mpira na lami ndio rafiki yako. Ukiondoa msuguano huu, breki zitabana magurudumu, na gari litaendelea kuteleza kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi.

Kwa hiyo kuna mambo mawili tofauti. Ukinzani wa kuviringika hutokea ndani ya mwili wa tairi linapobonyea na kunyooka. Huo tunataka upungue. Mshiko hutokea pale mpira unapokutana na lami. Huo tunataka ubaki mkubwa, hasa barabara ikiwa na maji.

Shida ni kwamba mpira ule ule ndio unaofanya kazi zote mbili. Njia rahisi ya kupunguza ukinzani ni kutumia mpira mgumu, mwembamba, wenye meno mafupi. Mpira mgumu haubonyei sana, lakini pia hauingii kwenye vijishimo vidogo vya lami, hivyo haushiki vizuri. Watengenezaji walihangaika na tatizo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1992 kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilileta sokoni tairi ambalo sehemu ya masizi yanayochanganywa kwenye mpira ilibadilishwa na silika, madini yale yale yanayopatikana kwenye mchanga. Mchanganyiko huo ulipunguza ukinzani bila kuharibu mshiko kwenye maji. Tangu hapo tairi zuri la kubana mafuta si lazima liwe la kuteleza. Lakini teknolojia hiyo ina gharama, na si kila tairi linaloitwa la kubana mafuta linayo.

Mfano wa 2

Barabara imelowa. Magari mawili yanakwenda mita 20 kwa sekunde, yaani kilometa 72 kwa saa. La kwanza lina matairi Q, namba ya mshiko 0.8. La pili lina matairi R, namba ya mshiko 0.6. Madereva wanafunga breki kwa nguvu mahali pamoja na wakati mmoja. Tafuta umbali wa kila gari kusimama.

Suluhisho:
Kani ya breki = namba ya mshiko × uzito. Gawanya kwa tungamo, utapata kwamba kasi inapungua kwa namba ya mshiko × g.
Gari la Q: 0.8 × 10 = 8 m/s²
Gari la R: 0.6 × 10 = 6 m/s²
Umbali = v² ÷ (2 × a)
Gari la Q: 400 ÷ 16 = mita 25
Gari la R: 400 ÷ 12 = mita 33.3

Tofauti ni mita 8.3, zaidi ya urefu wa magari mawili madogo yaliyofuatana. Lakini usiishie kwenye umbali. Jiulize: gari la Q linaposimama kwenye mita 25, gari la R linapita hapo kwa mwendokasi gani?

v² = u² − 2as = 400 − (2 × 6 × 25) = 100
v = mita 10 kwa sekunde = kilometa 36 kwa saa.

Soma tena mstari huo. Mtoto anayevuka barabara kwenye mita ya 26 hataguswa na gari la kwanza. La pili litamgonga likiwa bado na kasi kubwa kuliko ya mwanariadha bora wa mbio za marathoni. Na hatujahesabu hata muda wa dereva kushtuka kabla ya kukanyaga breki.

Sasa rudi kwenye akiba ya R. Shilingi 150,000 kwa kilometa 40,000 ni chini ya shilingi 4 kwa kilometa. Hiyo ndiyo bei ambayo mjomba angeuzia mita 8 za breki zake msimu wa masika.

Hatua ya 4: Utajuaje tairi lipi ni lipi?

Kwa macho huwezi kuona namba ya ukinzani. Tafuta lebo.

Japani ina mfumo wa lebo wa hiari ulioanza mwaka 2010. Ukinzani wa kuviringika hupewa madaraja kuanzia AAA ambalo ni bora, kisha AA, A, B na C. Mshiko kwenye maji hupewa herufi ndogo: a ni bora, kisha b, c na d. Kwa hiyo lebo huwa na alama mbili. Namba 0.010 ya tairi P ingeangukia daraja B, 0.008 ya Q daraja A, na 0.0075 ya R daraja AA. Tairi lenye "A" na "b" na tairi lenye "AA" na "d" si ndugu, ingawa muuzaji atakuonyesha herufi kubwa peke yake.

Umoja wa Ulaya ulianza kutumia lebo yake mwaka 2012 na kuirekebisha mwaka 2021. Sasa madaraja ni A mpaka E kwa matumizi ya mafuta na kwa mshiko kwenye maji, pamoja na kipimo cha kelele. Picha ya tairi na pampu ya mafuta ni ukinzani. Picha ya tairi na wingu la mvua ni mshiko. Zisome zote mbili.

Tairi lisilo na lebo si lazima liwe baya, lakini maneno ya muuzaji si kipimo. Pale ambapo huna lebo ya mshiko, usilipe zaidi kwa ahadi ya mafuta.

Baada ya lebo, soma ubavu wa tairi. Aqua nyingi hutumia 175/65R15 84H. Maana yake:
175: upana wa tairi kwa milimita.
65: kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana.
R: muundo wa nyuzi za ndani, aina ya radiali.
15: kipenyo cha rimu kwa inchi.
84: tairi linabeba mpaka kg 500.
H: mwendokasi wa juu unaoruhusiwa ni kilometa 210 kwa saa.

Tafuta pia tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na DOT. 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira ukizeeka hukakamaa, na mpira uliokakamaa haushiki. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno marefu na bado likawa zee.

Hatua ya 5: Upepo, akiba isiyohitaji duka

Tairi lenye upepo mdogo hubonyea sana, na kubonyea ndiko kunakokula nishati. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kila upungufu wa psi 1 katika matairi yote huongeza matumizi ya mafuta kwa asilimia 0.2 hivi. Gari lililopungukiwa psi 10 limepoteza asilimia 2, karibu nusu ya faida yote ya kununua Q. Tairi la bei likikosa upepo ni pesa iliyotupwa.

Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha gari, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kwa kilopaskali: 230 kPa ni takriban psi 33.

Je, tuzidishe upepo ili kubana mafuta zaidi? Hapana. Kila tairi la mjomba linabeba 13,000 ÷ 4 = 3,250 N. Kwa kanieneo cha paskali 230,000:

Eneo linalogusa barabara = 3,250 ÷ 230,000 = m² 0.014, yaani sentimita za mraba 141 hivi.

Hilo ni eneo la kiganja cha mtu mzima. Gari zima limeshikwa na viganja vinne. Ukizidisha upepo, viganja vinasinyaa, katikati ya tairi inalika haraka, na gari linarukaruka kwenye mashimo.

Pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea. Sababu ni sheria ya gesi: ujazo wa tairi haubadiliki sana, hivyo kanieneo hupanda joto linapopanda. Tairi lenye 230 kPa kwenye nyuzi 27 likifika nyuzi 47:

Kanieneo kamili mwanzoni = 230 + 100 (cha hewa) = 330 kPa
Kanieneo kamili mwishoni = 330 × 320 ÷ 300 = 352 kPa
Kipimo kitasoma 352 − 100 = 252 kPa

Hakuna upepo ulioongezwa. Dereva akiutoa kwa kudhani umezidi, kesho asubuhi tairi litakuwa pungufu.

Mtego: "Matairi mapya yanakula mafuta zaidi!"

Mjomba akishafunga matairi mapya anaweza kurudi analalamika. Kuna sababu mbili. Kwanza, tairi lililokwisha lina mpira mdogo wa kubonyea, hivyo ukinzani wake ni mdogo. Tairi jipya, hata likiwa bora, lina meno marefu.

Pili, gari huhesabu kilometa kwa mizunguko ya magurudumu. Kipenyo cha 175/65R15 jipya ni (15 × 25.4) + (2 × 0.65 × 175) = 381 + 227.5 = mm 608.5. Likilika milimita 6 pande zote, kipenyo kinakuwa mm 596.5, pungufu ya asilimia 2. Gurudumu dogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa njia ile ile, na dashibodi husoma kilometa 102 ukiwa umetembea 100. Tairi la zamani lilikuwa linamdanganya mjomba kwamba gari lina ulaji mzuri.

Asifanye kosa la kulinganisha tairi jipya na kipara. Kipara hakina mifereji ya kutoa maji, na gari linaweza kuelea juu ya maji kama mtumbwi.

Jibu la mjomba

Sasa unaweza kujibu kwa sababu: "Mjomba, chukua Q. Utaongeza 160,000 leo, petroli itakurudishia 276,000 kabla matairi hayajaisha. R lina nafuu ya mfukoni, lakini mvua ikinyesha halisimami. Na kila Jumatatu asubuhi tupime upepo."

Makosa ya watahiniwa

1. Kuandika "tairi la kubana mafuta lina msuguano mdogo" bila kusema msuguano upi. Taja ukinzani wa kuviringika, kisha sema mshiko unapaswa kubaki.
2. Kusahau ufanisi. Ukigawanya 2.6 kwa 32 badala ya 11.2 utapata lita 0.08, pungufu mara tatu.
3. Kutumia nyuzi za selsiasi au kipimo cha geji moja kwa moja kwenye sheria ya gesi. Badilisha kwanza kuwa kelvini na kanieneo kamili.
4. Kuacha jibu bila kipimo, au kutoa uamuzi bila namba inayouunga mkono.

Maswali ya kujipima

1. Gari la kg 1,500 lina matairi yenye namba ya ukinzani 0.012. Tafuta nishati inayopotea kwenye matairi kwa kilometa 50.
2. Mwalimu ana gari kama la mjomba, lakini hutembea kilometa 8,000 tu kwa mwaka. Akichagua Q badala ya P, atarudisha nyongeza ya shilingi 160,000 baada ya muda gani? Je, umri wa mpira unaathiri vipi uamuzi wake?
3. Kokotoa kipenyo cha tairi 185/60R15. Linatofautiana kwa asilimia ngapi na 175/65R15?
4. Dereva amejaza upepo mpaka geji ikasoma 230 kPa tairi likiwa na nyuzi 57. Kesho asubuhi kwenye nyuzi 27 geji itasoma ngapi? Eleza athari yake kwa mafuta.
5. "Tairi bora ni lile lisilo na msuguano." Jadili kauli hii kwa hoja mbili.

Majibu

1. Kani = 0.012 × 15,000 = 180 N. Nishati = 180 × 50,000 = 9,000,000 J, yaani 9 MJ.
2. Akiba kwa mwaka = 0.23 × 80 = lita 18.4 = shilingi 55,200. Muda = 160,000 ÷ 55,200 = miaka 2.9. Kwa kuwa matairi yatakaa miaka mingi kabla ya kulika, lazima achunguze tarehe ya kutengenezwa. Akinunua tairi lililokaa sana dukani, mpira unaweza kuzeeka kabla faida haijawa kubwa.
3. 381 + (2 × 0.60 × 185) = mm 603. Tofauti ni 5.5 ÷ 608.5, takriban asilimia 0.9.
4. (230 + 100) × 300 ÷ 330 = 300 kPa. Geji itasoma 200 kPa. Tairi litabonyea zaidi, ukinzani utaongezeka, na petroli nyingi zaidi itatumika.
5. Kauli si sahihi. Ukinzani wa kuviringika ukipungua, petroli huokolewa. Lakini msuguano kati ya tairi na barabara ukiondoka, gari haliwezi kuondoka, kupinda wala kusimama. Ungea hoja yako mkono kwa Mfano wa 2.